Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kusomea Ugiriki na Roma ya kale ukiwa umetoka fani nyingine

Ukurasa huu ni wa mhitimu wa Afrika Mashariki mwenye digrii ya sheria, ualimu, uhasibu, theolojia au uhandisi, ambaye sasa anataka kuwasoma Homer, Plato au Cicero katika ngazi ya uzamili na uzamivu. Maswali ni yale yanayojirudia. Majibu mengine ni marefu kwa sababu hapo ndipo watu hukwama.

Fani yenyewe inahusu nini?

Dunia ya Wagiriki na Warumi wa kale: lugha zao mbili, fasihi, historia, falsafa, sheria, sanaa na akiolojia. Unapotafuta kozi mtandaoni, usiishie kwenye jina moja. Vyuo vingine huiita Classics, vingine Classical Studies, na Afrika Kusini utakuta pia Ancient Studies. Ancient History ni jirani yake wa karibu, na mara nyingi hukupokea ukiwa na lugha kidogo zaidi.

Digrii yangu ni ya uhasibu. Nina nafasi kweli, au najidanganya?

Unayo. Kamati ya udahili huangalia kwanza umesoma Kilatini na Kigiriki kwa kiasi gani, kisha kama unaweza kuandika hoja ikasimama. Jina la digrii yako huja baadaye. Mwenye digrii ya fizikia aliyekaa na Kigiriki miaka miwili ana nafasi nzuri kuliko mwenye digrii ya historia ambaye hajui hata alfabeti yake.

Na fani hii ina historia ya watu ambao hakuna aliyewatarajia. William Sanders Scarborough alizaliwa utumwani Macon, Georgia, mwaka 1852, akajifunza kusoma kwa kificho, na mwaka 1881 akachapisha kitabu cha kufundishia Kigiriki. Katika zama zetu yupo Dan-el Padilla Peralta, aliyezaliwa Jamhuri ya Dominika, akaishi utotoni katika makazi ya watu wasio na nyumba jijini New York, na sasa ni profesa Princeton. Siwataji ili kukutia moyo tu. Nawataja kwa sababu wote wawili waliingia kwa mlango uleule: lugha.

Nilisoma seminari. Kilatini changu hakitoshi?

Ni mtaji mkubwa, ila usiuzidishe thamani. Aliyepita seminari kwa kawaida ana sala, nyimbo, misamiati ya liturujia na sarufi ya msingi. Kilatini cha Kanisa kina sentensi fupi zinazojieleza. Cicero anaweza kuanza sentensi kwenye mstari wa kwanza akaachia kitenzi kikuu mstari wa saba, na Virgil hupanga maneno kwa mahitaji ya mizani, kwa hiyo kivumishi kinaweza kukaa mbali kabisa na nomino yake. Matamshi nayo yatakusumbua wiki za mwanzo: uliyezoea kumwita Caesar kwa "ch" utakuta darasa zima linasema "Kaisar". Hilo linazoeleka upesi.

Waliosoma theolojia wana jambo linalofanana na hilo upande wa Kigiriki. Kigiriki cha Agano Jipya ni Kigiriki halali, lakini Injili ya Marko husonga kwa "na... na... na...", wakati mwanahistoria Thucydides hukunja mawazo matatu ndani ya kirai kimoja. Kuna maumbo ya vitenzi ambayo Agano Jipya huyagusa kwa nadra, ilhali Plato anayatumia kila ukurasa. Mwenye msingi mzuri wa chuo cha theolojia anaweza kuvuka pengo hilo kwa takriban mwaka mmoja wa kusoma kwa mfululizo.

Tatizo kubwa la mafrateri wa zamani ni makaratasi. Transkripti inasema tu "Latin I, Latin II", na kamati iliyoko Chicago haiwezi kujua mlifanya nini. Mwombe gombera au mwalimu wako wa zamani akuandikie barua inayotaja kitabu mlichotumia, saa kwa wiki, na matini mliyosoma bila tafsiri. Barua moja ya namna hiyo ina uzito kuliko kurasa mbili za wewe kujieleza.

Mimi ni mwanasheria. Natokea wapi?

Unatokea karibu kuliko unavyodhani. Kila siku mahakama za Nairobi na Dar es Salaam husikia *audi alteram partem* (sikiliza na upande wa pili) na *nemo dat quod non habet* (hakuna atoaye asichokuwa nacho), na wengi wetu tumezikariri bila kujua zilitoka katika mfumo gani wa fikra. Sheria ya Roma ina matini zake za kusoma moja kwa moja: mwanasheria Gaius wa karne ya 2, na Digesta ya Kaisari Justinian ya mwaka 533, vitabu 50 vilivyokusanywa kutoka kwa wanasheria wa vizazi vilivyotangulia. Kilatini chao ni chepesi kwa mwanzilishi, kwa sababu wanasheria wale waliandika kwa ufupi na kurudia misemo ileile. Chuo Kikuu cha Edinburgh kina mapokeo imara ya sheria ya Roma. Afrika Kusini nayo ni mahali pa kutazama: sheria yao ina mizizi ya Kirumi na Kiholanzi, na hadi miaka ya 1990 wakili wa mahakama za juu huko alitakiwa awe amesoma Kilatini.

Naanzia sifuri. Lugha hizi zitachukua muda gani?

Kwa mtu mwenye kazi, anayesoma saa moja na nusu kila siku, hesabu mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kumaliza kitabu cha msingi cha lugha moja, kisha mwaka mwingine wa kusoma waandishi wenyewe. Anza na moja. Kilatini huwa rahisi kwa kuwa alfabeti unaijua, ingawa mwenye hamu ya falsafa au tamthilia afadhali aanze na Kigiriki, asije akachoka kabla hajafika anakokwenda.

Msemaji wa Kiswahili ana faida ambayo walimu wa Ulaya hawaizungumzii. Chukua *amabantur*, "walikuwa wakipendwa". Ndani yake kuna *ama-*, mzizi wa kupenda; *-ba-*, wakati uliopita; *-nt-*, wao; na *-ur*, kauli ya kutendwa. Sasa weka pembeni yake "walipendwa": wa-, -li-, -pend-, -w-, -a. Vipande ni vilevile, mpangilio tu ndio uliogeuka. Mwanafunzi aliyekulia kwenye Kiingereza huhitaji wiki kadhaa kukubali kwamba neno moja linaweza kubeba sentensi nzima. Wewe umelikubali tangu hujaenda shule. Upatanisho nao haukupi taabu: aliyekulia kwenye "viti vyangu vizuri vimevunjika" hashangai kivumishi kinapobadilika kufuata nomino.

Kitakachokutesa ni hali za nomino, yaani miisho inayoonyesha nomino inafanya kazi gani katika sentensi. Kwa Kiswahili, "mbwa amemng'ata mtu" na "mtu amemng'ata mbwa" ni habari mbili tofauti, na mpangilio ndio unaotuambia nani kafanya nini. Kwa Kilatini, *canis virum mordet* na *virum canis mordet* zote zinasema mbwa ndiye anayeng'ata, kwa sababu *-um* imeshamtaja mng'atwaji popote atakapokaa. Hapa hakuna njia ya mkato. Kariri majedwali, kwa sauti, kila siku, mpaka familia ikuchoke.

Vifaa vya bure vipo vingi. Perseus, inayoendeshwa na Chuo Kikuu cha Tufts, ina matini za Kigiriki na Kilatini. Ukibofya neno inakuonyesha umbo lake. Logeion ya Chicago inakusanya kamusi nyingi mahali pamoja na inafunguka vizuri kwenye simu. Kwa Kilatini, vitabu vya Hans Ørberg huanza kwa Kilatini kitupu tangu ukurasa wa kwanza, na vinamfaa anayejisomea. Wheelock ni cha sarufi zaidi, na walioandaliwa na mitihani ya kwetu hukipenda. Juzuu za zamani za Loeb, zenye matini upande mmoja na tafsiri ya Kiingereza upande wa pili, zinapatikana bure pale haki za uchapishaji zilipokwisha. Jalada la kijani ni Kigiriki, jekundu Kilatini. Tahadhari tu: jicho huhamia kwenye Kiingereza lenyewe bila kuombwa.

Zipo pia kozi kali za kiangazi, wiki 8 Cork nchini Ireland, au 10 kwenye taasisi ya Kilatini na Kigiriki ya CUNY, chuo kikuu cha jiji la New York. Hizo hubana kazi ya miaka miwili ya chuo ndani ya likizo moja. Zinafanya kazi, lakini huwezi kuwa na ajira wala mambo ya nyumbani pembeni.

Nimesikia kuna mwaka wa kujiandaa Marekani kwa waliotoka fani nyingine. Ni nini?

Huitwa post-baccalaureate, na ndilo neno la kuandika unapotafuta. Ni kozi ya mwaka mmoja au miwili baada ya digrii ya kwanza, kwa watu waliochelewa kuamua: unasoma Kilatini na Kigiriki tu, pamoja na semina moja au mbili, kisha unaomba uzamili au PhD ukiwa na alama mpya na maprofesa wanaokufahamu. Chuo Kikuu cha Pennsylvania, UCLA na Columbia ni miongoni mwa vyuo vilivyojulikana kwa kozi hizi. Darasani utakutana na mwanamuziki, mwalimu wa hesabu, mtu aliyeacha udaktari katikati.

Maoni yangu: ni kozi nzuri ambayo kwa wengi wetu haifai. Kwa kawaida unalipa ada mwenyewe, na mwishoni hupati digrii, unapata cheti. Na kabla hujaomba, uliza kama kozi inatoa hati ya I-20, maana bila hiyo hakuna viza ya mwanafunzi, na kozi za muda mfupi au za jioni mara nyingi haziitoi.

Njia ambayo ningemshauri mdogo wangu ni nyingine. Baadhi ya vyuo vikuu vya umma vya Marekani, hasa idara zinazoishia uzamili, huwapa wanafunzi wa uzamili kazi ya kusaidia kufundisha Kilatini cha mwaka wa kwanza. Kwa kazi hiyo ada husamehewa na unapata posho. Posho ni ndogo, mji nao ni mdogo na wa baridi, lakini unatoka na digrii halisi, lugha mbili, na uzoefu wa kufundisha. Swali la kumwandikia mkuu wa masomo ya uzamili ni moja: "Je, wanafunzi wenu wa uzamili hupata nafasi za kusaidia kufundisha, na wangapi kati yao?" Jibu likizungukazunguka, jua hakuna.

Kwa hiyo PhD ni bure ilhali uzamili unalipiwa?

Marekani, kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Idara kubwa humlipia mwanafunzi wa PhD ada, bima ya afya na posho kwa miaka mitano au zaidi, na katika vyuo tajiri posho hupita dola 35,000 kwa mwaka. Ndiyo maana ushindani wake ni mkali, na ndiyo maana hawamchukui asiyesoma lugha zote mbili. Tarehe za mwisho huangukia Desemba na mwanzo wa Januari. Ada ya maombi ni kati ya dola 75 na 125 kwa chuo. Vyuo vingi huisamehe ukiomba mapema, kwa hiyo omba.

Na Uingereza?

Uzamili ni mwaka mmoja, na ada ya mwanafunzi wa nje huanzia takriban pauni 20,000. Vyuo kadhaa, vikiwemo King's College London, UCL na Edinburgh, hufundisha lugha kuanzia mwanzo kabisa ndani ya kozi. Open University ina uzamili wa masafa usiodai Kilatini wala Kigiriki, unaomfaa anayetaka elimu yenyewe bila kuacha kazi. Lakini ukilenga PhD, lugha utalazimika kuzitafuta mwenyewe baadaye.

Ufadhili wa kuangalia kwanza ni Chevening, wa serikali ya Uingereza, kwa sababu unagharamia karibu fani yoyote ya uzamili. Unadai saa 2,800 za kazi, yaani takriban miaka miwili, na unakutaka urudi nyumbani kwa miaka miwili baada ya masomo. Maombi hufunguliwa Agosti. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola umejengwa kuzunguka mada za maendeleo, na kumpenyeza mtunzi wa tamthilia kama Sophocles humo ni kazi ngumu.

Ujerumani wanasema hakuna ada. Kuna nini hapo?

Kuna Kijerumani. Majimbo mengi hayatozi ada, ila Baden-Württemberg, iliko Heidelberg, hutoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Kwa viza utaonyesha takriban euro 12,000 kwenye akaunti maalumu iliyozuiwa, yaani ambayo huwezi kutoa fedha zote kwa mara moja. Juu ya hapo, idara hudai vyeti vya serikali vya lugha, Latinum na Graecum, na masomo yenyewe ni kwa Kijerumani cha C1, yaani ngazi ya juu. Hata usipokwenda huko, PhD ya Marekani itakudai uweze kusoma makala za Kijerumani na Kifaransa au Kiitaliano. Walioko Congo, Burundi na Rwanda, Kifaransa chenu kina bei hapa.

Hakuna mahali Afrika?

Mpo wengi mnaoruka swali hili, na nadhani mnakosea. Ibadan imekuwa ikifundisha masomo ya kale tangu chuo kilipoanza mwaka 1948. Chuo Kikuu cha Ghana, Legon, kina idara inayounganisha falsafa na masomo ya kale. Malawi imeyafundisha Zomba, na tangu mwaka 1981 Kamuzu Academy imekuwa ikifundisha Kilatini na Kigiriki sekondari. Afrika Kusini kuna Stellenbosch, Cape Town na KwaZulu-Natal, na chama chao cha kitaaluma kinatoa jarida la *Acta Classica* tangu mwaka 1958. Gharama ni sehemu tu ya zile za London, na utapata msimamizi ambaye hahitaji kuelezwa kwa nini Mwafrika anasoma Herodotus.

Princeton si wamefuta Kigiriki na Kilatini? Kwa nini nijitese?

Mwaka 2021 Princeton iliondoa sharti la lugha kwa wanafunzi wa digrii ya kwanza wanaobobea kwenye fani hiyo. PhD haikuguswa. Habari ilisambaa WhatsApp bila sentensi ya pili.

Sampuli ya maandishi inayodaiwa kwenye maombi niandike nini wakati sijawahi kusoma fani hii?

Kurasa 15 hadi 20, hoja moja, na angalau kifungu kimoja unachokichambua kwa lugha yake ya asili. Tasnifu yako ya zamani kuhusu sera ya mikopo haifai hata kama ilipata A. Andika mpya. Chagua kifungu kifupi, mistari 10 au 15, ukikalie. Waombaji wengi huandika "Nafasi ya mwanamke katika Ugiriki ya kale", na msomaji wa kamati huwa amechoka kabla ya aya ya pili.

Kuna mada yoyote inayohusu pwani yetu?

Ipo, na ni nzuri mno. Katikati ya karne ya 1 BK, mfanyabiashara mmoja wa Misri asemaye Kigiriki aliandika mwongozo wa biashara wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Hatujui jina lake. Kitabu chake, *Periplus*, kimetufikia kwa nakala ya mkono ya karne ya 10 iliyoko Heidelberg. Kuanzia sehemu ya 15 hadi 18 anashuka pwani ya Azania, yaani pwani yetu, mpaka Rhapta, soko la mwisho, ambalo anasema limepewa jina kutokana na mashua zilizoshonwa. Mtu wa Lamu hapo anakumbuka mtepe bila kuambiwa. Anataja pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Anasema manahodha na mawakala Waarabu walijua nchi na lugha ya wenyeji kwa sababu walizoeana nao na kuoana nao.

Kigiriki chake ni cha dukani, hakina madoido, na mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kukisoma. Maswali bado yako wazi: Rhapta ilikuwa wapi hasa? Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameitafuta upande wa delta ya Rufiji, na wataalamu hawajakubaliana. Anayejua Kigiriki, Kiswahili na ramani ya pepo za kusi na kaskazi ana macho matatu ambayo wasomaji wengi wa matini hii hawakuwa nayo.

Upande mwingine ni mapokezi: jinsi maandishi ya kale yalivyosomwa na kutumiwa baadaye. Mwalimu Nyerere alitafsiri *Julius Caesar* ya Shakespeare, naye Shakespeare alichota kwa Plutarch, mwandishi wa Kigiriki. Njia hiyo kutoka Kigiriki hadi Butiama ina tasnifu ndani yake.

Baba anauliza nitakula nini.

Mzee ana haki ya kuuliza, na usimjibu kwa hotuba. Kazi za uhadhiri ni chache duniani kote, na zinapungua. Howard, chuo cha kihistoria cha Wamarekani weusi, kilivunja idara yake ya masomo ya kale mwaka 2021. Uingereza ilisitisha mapema mwaka 2025 mpango wa serikali wa kufundisha Kilatini katika shule za umma. Vyuo vikuu vya umma vya Kenya na Tanzania havina idara kamili ya fani hii ya kukupokea ukirudi.

Kazi zilizopo ni za namna nyingine: ualimu wa Kilatini sekondari Marekani, ambako shule huhangaika kupata walimu, seminari na vyuo vya theolojia, uhariri na tafsiri, makumbusho, sheria. Ndiyo maana nawaambia wenye leseni ya uwakili, CPA au namba ya TSC wasiiache ikafa. Ilipie, ihuishe, iweke kabatini. Na mkopo binafsi kwa ajili ya uzamili huu usichukue kabisa.

Nina miaka 38. Nimechelewa?

Kwa lugha, hapana. Kwa ufadhili, soma masharti ya kila mmoja, kwani mingine ina ukomo wa umri. Kwa soko la uhadhiri, ukianza sasa utamaliza PhD ukiwa na 46 hivi, na hesabu hiyo uifanye pamoja na mwenzio nyumbani.

Nimwandikieje profesa nisiyemjua?

Aya mbili. Ya kwanza: wewe ni nani, una digrii gani, umesoma Kilatini na Kigiriki kiasi gani, kwa kitabu gani, na sasa unasoma mwandishi yupi. Ya pili: swali moja ambalo tovuti yao haijalijibu. Usimsifu kwa mistari mitano, usiambatanishe vyeti vinane, na usimwite "Dear Sir" wakati picha yake iliyopo mtandaoni ni ya mama mtu mzima. Tuma Septemba, Desemba wamezama kwenye maombi. Asipojibu ndani ya wiki mbili, mkumbushe mara moja, kisha hamia kwa mwingine.